Iraki, Machi 1991: waliambiwa wainuke, wakainuka, wakaachwa

Tarehe 15 Februari 1991 vita vya Ghuba vilikuwa vimetimiza karibu mwezi mmoja, ndege za Marekani na washirika wake zinapiga Iraki usiku na mchana, jeshi la nchi kavu bado halijaingia. Siku hiyo Baghdad ilitoa tangazo kwamba iko tayari kuzungumzia kuondoka Kuwait, nchi jirani iliyokuwa imeivamia, lakini kwa masharti kibao, na Rais George Bush, yule baba, akalikataa papo hapo, halafu akaongeza maneno ambayo ndo yamezaa kisa hiki chote. Alisema iko njia nyingine ya kukomesha umwagaji damu, nayo ni jeshi la Iraki na wananchi wa Iraki walibebe jambo hili wenyewe na kumlazimisha Saddam Hussein, dikteta, aachie ngazi. Hakuteleza ulimi, kwa sababu siku hiyo hiyo aliyarudia kule Andover, Massachusetts, kwenye kiwanda cha Raytheon kilichokuwa kinatengeneza makombora ya Patriot.

Wiki mbili baadaye watu wakafanya kile kile walichoambiwa.

Nakichukua kisa hiki peke yake, kwa urefu, kwa sababu mjadala wa kama mataifa ya nje yawahamasishe wananchi kuinuka dhidi ya madikteta huwa unaishia kwenye maneno makubwa, demokrasia upande huu, mamlaka ya nchi upande ule, na wale watu wenyewe wanaotakiwa kuingia barabarani hawaonekani kabisa. Hapa wanaonekana. Tunajua nani alisema nini, tarehe ngapi, nani alikuwa na ndege juu ya nani, na nani alikufa.

Kusimamisha vita kulitangazwa tarehe 28 Februari baada ya mapigano ya ardhini ya saa 100 tu. Wanajeshi wa Iraki waliokuwa Kuwait wakawa wanarudi nyumbani kupitia Basra, mji wa kusini, wengine kwa miguu, wamechakaa, wana njaa, wameona wenzao wakiunguzwa barabarani, na hasira yao yote inaelekea kwa mtu mmoja aliyewapeleka kule. Simulizi inayorudiwa zaidi ni ya kamanda mmoja wa kifaru aliyefika kwenye uwanja wa Saad pale Basra, akasimama mbele ya picha kubwa ya Saddam, akailipua kwa mzinga. Watu wakamwagika barabarani. Basra ikawaka, Nasiriyah ikafuata, halafu Najaf, Karbala, Amara, Hilla, yote hayo ndani ya siku chache. Kaskazini Wakurdi walianza Ranya tarehe 5 Machi, Sulaymaniyah ikawafuata, na ilipofika tarehe 20 hivi walikuwa wameshaingia Kirkuk yenye mafuta. Kati ya mikoa 18 ya Iraki, 14 ilikuwa imetoka mikononi mwa serikali kwa wakati mmoja au mwingine ndani ya mwezi huo. Nadhani watu wengi leo hawajui kwamba ilifika mbali kiasi hicho. Saddam hakuwahi kuwa karibu na kuanguka kama mwezi ule mpaka Wamarekani walipokuja kumtoa kwa vifaru mwaka 2003.

Sasa lazima niwe mkweli hapa: huwezi kusema Bush ndiye aliyewasha moto. Wale wanajeshi walikuwa na sababu zao, Washia wa kusini walikuwa na miaka mingi ya kunyongewa maulamaa wao na kufukuziwa jamaa zao Iran, Wakurdi walikuwa wametoka kwenye Anfal, ile operesheni ya Saddam ya kuwaangamiza, na Halabja, ambapo tarehe 16 Machi 1988 gesi iliua watu wapatao 5,000 katika mji mmoja. Hao hawakuhitaji mtu wa nje kuwafundisha kumchukia Saddam. Kilichobadilishwa na maneno ya Washington ni hesabu ya hatari. Mtu anayeishi chini ya utawala kama ule kila siku anapiga hesabu kichwani, nikitoka leo nitakuwa na nani nyuma yangu, na pale kusini nyuma yao kwa macho kabisa kulikuwa na jeshi lenye nguvu kuliko yote duniani, limekaa ndani ya ardhi ya Iraki, limefika mpaka karibu na mto Frati, na rais wake amesema kwenye redio inukeni. Na kulikuwa na redio nyingine, Sauti ya Iraki Huru, iliyokuwa inarusha matangazo kutoka Saudia kwa mkono wa CIA, ikiwaambia wasikilizaji kwa Kiarabu wazi wazi waupindue utawala. Mtu anayesikiliza hayo usiku na asubuhi anaona helikopta za Marekani zinapita, atafikiri nini? Mimi ningefikiri vile vile.

Ila ndani ya Washington yale maneno yalikuwa na maana nyingine. Walichokuwa wanakitaka hasa ni jenerali mmoja au wawili wamtoe Saddam kimya kimya, Iraki ibaki nzima, jeshi libaki, chama tawala labda kibaki, atoke yeye tu. Brent Scowcroft, mshauri wa usalama wa Bush, baadaye alisema wazi kwamba wao wangependelea mapinduzi ya kijeshi kuliko uasi wa wananchi. Yaani ujumbe ulilengwa kwa majenerali lakini ukatumwa kwa njia inayosikika na kila mtu mwenye redio, na waliouitikia ni wale ambao mtumaji hakuwahitaji. Majenerali, ambao walijua vizuri usalama wa taifa wa Saddam unafanya nini kwa familia ya msaliti, walikaa kimya. Waliotoka ni makuruta waliotoroka, walimu, wafanyabiashara, vijana, na wapiganaji wa Kikurdi.

Hapo ndipo ubaya unapoanzia kwangu, kabla hata ya hayo mengine. Kama ulikuwa unataka mapinduzi ya ndani ya kasri, zungumza na watu wa kasri. Ukisema wananchi, basi umewaita wananchi, na ni watu wazima wenye masikio.

Twende Safwan, maana hapo kila kitu kiliamuliwa kwa dakika chache. Tarehe 3 Machi, kwenye uwanja mdogo wa ndege jangwani karibu na mpaka wa Kuwait, Jenerali Norman Schwarzkopf, kamanda wa Marekani katika vita hivyo, alikaa na majenerali wa Iraki wakiongozwa na Sultan Hashim Ahmad kupanga masharti ya kusimamisha vita. Wafungwa wabadilishwe vipi, ramani za mabomu ya kutegwa, mstari wa kutenganisha majeshi. Mambo ya kiufundi. Mwishoni Sultan Hashim akaleta ombi moja dogo kwa sauti ya kawaida tu, akasema madaraja na barabara zetu mmezivunja, kwa hiyo wakati mwingine tunahitaji helikopta kuwasafirisha maafisa wa serikali kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Schwarzkopf akasema hakuna shida ilimradi zisipite juu ya maeneo yenye wanajeshi wetu, na akasisitiza iingie kwenye rekodi kwamba helikopta za kijeshi zinaruhusiwa kuruka Iraki, ndege za kivita ndizo haziruhusiwi. Yule jenerali wa Iraki kama vile hakuamini masikio yake, akauliza tena, kwa hiyo hata helikopta zenye silaha zinaweza kuruka? Akajibiwa ndiyo, nitawaelekeza watu wangu wasizipige.

Basra ilikuwa tayari inawaka siku hiyo. Safwan na Basra haziko mbali, ni mwendo wa gari usiofika hata saa moja.

Schwarzkopf mwenyewe kabla mwezi haujaisha alimwambia David Frost kwenye mahojiano ya televisheni kwamba alizidiwa ujanja pale mezani. Namwamini kwamba hakujua siku ile. Lakini kumbuka ruhusa inayotolewa mezani inaweza kufutwa kesho yake, na wao ndo walikuwa washindi, wenye uwezo wa kubadilisha sharti lolote kwa simu moja. Katikati ya Machi Bush alilalamika hadharani kwamba Saddam anatumia helikopta dhidi ya watu wake na kwamba sio sawa. Wiki moja baadaye, tarehe 20 na 22, marubani wa Marekani wakatungua ndege mbili za Iraki aina ya Su-22 kwa sababu zilivunja masharti ya Safwan. Naomba msomaji atulie hapa kidogo. Anga ilikuwa inalindwa. Walikuwa wanaona kila kinachoruka, na chenye mabawa kilishushwa. Helikopta, ambazo ndizo zilikuwa zinaua watu Karbala na Najaf na baadaye Kirkuk, ziliachwa ziendelee kwa sababu ziliandikwa kwenye ruhusa. Hakuna hoja ya "hatukuwa na uwezo" inayoweza kusimama mbele ya hizo tarehe mbili.

Walinzi wa Jamhuri, kile kikosi bora cha Saddam ambacho sehemu yake kubwa ilikuwa imeponyoka vitani na vifaru vyake, wakapelekwa kusini kwanza. Karbala alipelekwa Hussein Kamel, mkwe wa Saddam. Waasi walijichimbia kwenye makaburi matakatifu ya Imam Hussein na Abbas, na makaburi yakapigwa mizinga. Kwenye vifaru vingine kulikuwa kumeandikwa kwamba baada ya leo hakuna Washia tena. Wanaume walikusanywa barabarani kwa umri tu, wakapakiwa kwenye mabasi na malori, hawakurudi. Ayatollah Mkuu Abu al-Qasim al-Khoei, mzee wa zaidi ya miaka 90, alichukuliwa Najaf akapelekwa Baghdad na kuoneshwa kwenye televisheni ameketi na Saddam. Mtoto wake Abdul Majid alikuwa ametumwa kuwatafuta Wamarekani jangwani awaombe msaada, akaambulia patupu, akakimbilia uhamishoni. Alirudi Najaf Aprili 2003 nyuma ya majeshi ya Marekani, na siku chache tu baadaye aliuawa hapo hapo mjini.

Kuhusu idadi ya waliouawa, makadirio yanaanzia makumi ya maelfu na wengine wanafikisha laki moja. Mei 2003 watu walipopata nafasi ya kuchimba pale Mahawil, karibu na Hilla, yalitoka mabaki ya watu zaidi ya 2,000 kwenye eneo moja, na familia zilikuwa zinatambua ndugu zao kwa kitambulisho kilichobaki mfukoni, kwa saa ya mkononi, kwa kitambaa cha kanzu.

Wanajeshi wa kawaida wa Marekani walikuwa wanayaona mengine kwa macho yao. Waasi walikuja kwenye vizuizi vyao kuomba silaha, hata zile Wamarekani walizolinyang'anya jeshi la Iraki tu, wakanyimwa. Majeruhi walitibiwa na madaktari wa jeshi, hilo lazima lisemwe, na wakimbizi walipewa maji na chakula. Lakini amri ilikuwa msiingilie. Wakati huo huo, tarehe 4 na tarehe 10 Machi, mainjinia wa Marekani walikuwa wanalipua ghala kubwa la silaha pale Khamisiyah, sio mbali na Nasiriyah, mji ambao waasi wake walikuwa wanahesabu risasi. (Baadaye ikaja kugundulika kwamba kwenye ghala hilo kulikuwa na roketi zenye sumu ya sarin, na wale askari wenyewe wakaishia kuwa na maswali ya afya zao kwa miaka mingi, hicho ni kisa kingine.)

Wanaoutetea uamuzi wa Bush wana hoja na sitaki kuzipita haraka kwa sababu baadhi ni nzito. Ya kwanza, Azimio 678 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilihusu kuikomboa Kuwait, halikuhusu kubadilisha serikali ya Baghdad, na muungano ule ulikuwa na Saudia, Misri, Syria ndani yake, wasingekubali. Ya pili ni Iran. Wapiganaji wa Badr, Wairaki waliofunzwa Iran, walikuwa wanavuka mpaka, picha za Khomeini zikaanza kuonekana Basra na Najaf, na kila mtu Riyadh na Washington akaona Iraki inakatika vipande, kusini inakwenda kwa Tehran, kaskazini Wakurdi wanachukua chao, Uturuki inakasirika. Ya tatu, ukifika Baghdad unafanya nini? Miaka 12 baadaye walifika, na tukaona.

Nakubali zote tatu. Kwa kweli nakubali kabisa, mimi sisemi Marekani ilitakiwa iende Baghdad 1991. Ila ziangalie vizuri hizo hoja, hakuna hata moja iliyozaliwa mwezi Machi. Azimio 678 lilipitishwa Novemba 1990. Washia walikuwa wengi Iraki tangu zamani na Iran ilikuwa jirani tangu zamani, na vita vya miaka minane kati ya nchi hizo mbili vilikuwa vimeisha juzi juzi tu. Kila sababu iliyotumika kuwaacha wale watu ilikuwa inajulikana tarehe 15 Februari asubuhi, kabla yule rais hajafungua mdomo. Kama ulijua hutaweza kuwasaidia, kwa nini uliwaita? Hapo ndo sijawahi kuona mtetezi yeyote akinijibu nikaridhika. Kwa kawaida utaambiwa kwamba Bush hakuahidi msaada wa kijeshi, na yeye mwenyewe Aprili ile alisema hivyo hivyo, kwamba Marekani haikuwahi kuashiria itakuja kuwapigania. Ukisoma maneno neno kwa neno ni kweli hakuahidi. Lakini mtu mwenye jeshi la nusu milioni hapo ukumbini hawezi kumwambia mwenye nyumba pigana na huyu anayekutesa halafu baadaye adai alikuwa anatoa maoni. Tena hata tarehe 1 Machi, moshi tayari uko juu ya Basra, alirudia mbele ya waandishi kwamba siku zote amesema wananchi wa Iraki wamweke huyo mtu pembeni.

Na kulikuwa na hatua nyingi kati ya kwenda Baghdad na kukaa kimya. Kufuta ruhusa ya helikopta. Kusema hadharani tarehe 2 Machi, kwa redio ile ile na kwa Kiarabu kile kile, hatutakuja, jihesabuni wenyewe, ili anayetaka kutoka atoke akijua yuko peke yake na anayetaka kurudi nyumbani arudi kabla jina lake halijaandikwa. Kuyaacha maghala kama yalivyo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji askari mmoja wa Marekani afe. Ile ya pili haikuhitaji hata tone la mafuta.

Kaskazini mambo yaliishia tofauti, na tofauti yenyewe inafundisha. Kirkuk ilirudi mikononi mwa Saddam mwishoni mwa Machi, na watu wa Kikurdi hawakusubiri. Walioona Halabja, wakisikia mlio wa helikopta, wanajua nini kinaweza kumwagwa kutoka juu. Kwa hiyo walikimbia miji mizima mizima, zaidi ya watu milioni moja na nusu, wengi kuelekea Iran na karibu nusu milioni kuelekea milima ya mpaka wa Uturuki, wengine na nguo za mjini na viatu vya mjini, kwenye theluji na matope. Uturuki ilikuwa imefunga mpaka. Walikaa kwenye miteremko, wanakunywa maji ya theluji iliyochafuka, na watoto ndio walioanza, wanaharisha siku mbili, tatu, wanazikwa pembeni ya njia kwa mawe kwa sababu ardhi ngumu. Tofauti na Karbala, huku waandishi waliweza kufika upande wa Uturuki na kamera zao. Picha zikaingia sebuleni mwa watu Ulaya na Marekani kila jioni. Tarehe 5 Aprili Baraza la Usalama likapitisha Azimio 688, John Major wa Uingereza na Turgut Özal wa Uturuki wakasukuma wazo la eneo salama, James Baker, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akapelekwa mpakani tarehe 8 akakaa dakika chache tu akaondoka amebadilika, na ndani ya wiki mbili wanajeshi wa magharibi wakawa wanaingia kaskazini mwa Iraki kuwarudisha watu makwao, na ndege za Iraki zikapigwa marufuku kaskazini mwa mstari wa latitudo wa 36. Pamoja na helikopta.

Kwa hiyo iliwezekana. Iliwezekana bila kwenda Baghdad, bila Iraki kukatika vipande, bila Iran kuchukua chochote. Kilichokosekana Machi kwa watu wa kusini ni kamera. Kusini marufuku ya anga ilikuja Agosti 1992, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, na hata hapo vifaru viliendelea ardhini na mabwawa yakakaushwa ili waliojificha kwenye matete wakose pa kukaa. Waliobahatika kuvuka na Wamarekani walijikuta kwenye kambi ya Rafha, jangwani Saudia, watu zaidi ya 30,000, wamezungushiwa waya, na wengine walikuwepo bado mwaka 2003.

Wakurdi tena walikuwa na kumbukumbu yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani na Shah wa Iran walimsaidia kwa siri Mustafa Barzani, kiongozi wa Wakurdi, kupigana na Baghdad, na tarehe 6 Machi 1975 Shah na Saddam wakakubaliana kule Algiers, msaada ukakatwa, uasi ukafa ndani ya wiki chache. Masoud Barzani aliyeongoza chama kimojawapo cha Kikurdi mwaka 1991 ni mtoto wa huyo huyo Mustafa. Kuna watu huuliza kwa nini walidanganyika mara mbili, na mimi naona swali hilo si la haki. Aliyezingirwa hachagui mlango. Mwishoni mwa Aprili 1991 Jalal Talabani, kiongozi mwingine wa Wakurdi, alikwenda Baghdad kuzungumza na Saddam na wakapigwa picha wanabusiana mashavuni, na huyo ni kiongozi ambaye watu wake walikuwa bado wako milimani. Mtu hafanyi hivyo kama ana pengine pa kwenda.

Iraki haikuwa ya kwanza. Hungaria 1956 redio ya Radio Free Europe kutoka Munich, iliyokuwa inalipiwa na Marekani, iliwapa moyo waasi wa Budapest kiasi kwamba wengi waliamini msaada uko njiani, vifaru vya Kisovieti vikaingia tarehe 4 Novemba, Wahungaria wapatao 2,500 wakafa, laki mbili wakakimbia nchi, na Imre Nagy akanyongwa mwaka 1958. Baada ya hapo watu wa redio ile walijichunguza na kubana kanuni zao. Kwa hiyo kufikia 1991 kulikuwa na miaka 35 ya kujua.

Kuna watakaonijibu kwa Libya. Kule 2011 watu wa Benghazi walitoka wenyewe, mataifa ya nje hayakuwaacha, Azimio 1973 likapita tarehe 17 Machi, ndege zikaja, Gaddafi akauawa Oktoba, na nchi ikaishia kuwa na serikali mbili na wanamgambo kila mtaa. Sasa si bora wangeachwa? Sijui kama kuna mtu anaweza kumwambia hilo mama wa Benghazi aliyekuwa anasubiri vifaru siku ile. Ila hoja ninaichukua, kwamba hata kusaidia kunaweza kuishia vibaya, na mimi naona inazidi kuupa nguvu upande wangu. Kama ukiwaacha wanachinjwa, na ukiwasaidia unaweza kuivunja nchi yao, basi neno la kuwahimiza wainuke ni neno zito kuliko karibu maneno yote ambayo kiongozi wa nje anaweza kuyatamka, na hatakiwi kulitamka kama sehemu ya hotuba kiwandani.

Msimamo wangu kwa hiyo ni huu, nchi ya nje isiwahamasishe watu wa nchi nyingine kuinuka. Wakiinuka wenyewe, ni haki yao, na hapo nchi ya nje ina mambo mengi ya maana ya kufanya, ifungue mipaka, izuie pesa za watawala, ikatae kuuza silaha, iweke kamera na waangalizi palipo giza, na ikiwa inalinda anga basi iilinde kweli. Na iseme mapema, kwa sauti ile ile kubwa, nini haitafanya. Serikali nyingi haziwezi kulisema hilo la mwisho, kwa sababu linaondoa utamu wa hotuba, lakini kwa mtu aliye barabarani ndiyo habari muhimu kuliko zote.

Na kama kweli Marekani ilitaka kumdhoofisha Saddam, nafasi ilikuwepo 1988 bila kumwita mtu yeyote barabarani. Halabja ilipopigwa gesi, Washington bado ilikuwa inamwona kama ngao dhidi ya Iran, taarifa za kijasusi alikuwa anapewa wakati wa vita, na dhamana za mikopo ya kununulia nafaka za Marekani ziliendelea baada ya ile gesi. Kuikata mikopo ile ilikuwa ni saini moja tu.

Agosti 2007 mahakama ya Iraki ilianza kusikiliza kesi ya kuzimwa kwa uasi wa 1991, washtakiwa 15. Ali Hassan al-Majid, binamu yake Saddam, alihukumiwa kifo kwa kesi hiyo mwaka 2008, na alinyongwa Januari 2010 baada ya hukumu kadhaa za kifo kujikusanya juu yake. Sultan Hashim, yule aliyeomba helikopta, alikuwa miongoni mwa washtakiwa, na alifia gerezani Nasiriyah mwaka 2020. Mashahidi walikuja mmoja mmoja kueleza nani alichukuliwa, saa ngapi, na gari la aina gani. Mahakama ile iliundwa kuwahukumu Wairaki kwa waliyowafanyia Wairaki, na hiyo ni sawa, ndo kazi yake. Upande wa pili wa meza ya Safwan haukuwa kwenye orodha, na familia za Hilla na Karbala zina haki ya kuudai mpaka leo.